Unataka chuo Japani? Anza na swali la nani analipa, jina la chuo baadaye

Fuata Naivasha Road kutoka Dagoretti Corner hadi Kawangware, kisha usome nguzo za stima. Zamani zilijaa matangazo ya waganga na nyumba za kupanga. Siku hizi kila ya pili inakupeleka majuu: Kanada, Ujerumani, Poland, na sasa Japani. "Soma ukifanya kazi." "Viza ni rahisi." "KCSE C+ inatosha." Chini yake ni nambari ya simu, na hakuna jina la chuo hata kimoja.

Ukitoka hapo unaingia kwa simu, na huko ni yale yale. Grupu ya WhatsApp ya mtaa, video ya msee amesimama chini ya maua ya sakura, na sauti inakuambia Japani haina vijana kwa hivyo wanakuhitaji wewe, hapo Riruta, na ujaze fomu leo.

Wacha nikuambie kitu: sehemu ya hiyo hadithi ni kweli. Ndiyo maana ni hatari. Uongo mtupu tungeujua mapema. Ukweli nusu ndio unauza ploti ya mathe.

Japani inataka wanafunzi, hilo si porojo

Anza na ukweli wenyewe. Mwaka 2024 Japani ilipata watoto 686,061 pekee, mara ya kwanza idadi hiyo kushuka chini ya 700,000 tangu waanze kuweka rekodi. Nchi ina watu zaidi ya milioni 120 lakini madarasa yanazidi kuwa matupu. Zaidi ya nusu ya vyuo vikuu vya kibinafsi huko havijazi nafasi zao za mwaka wa kwanza. Chuo kisichojaza nafasi hufungwa, na kisichotaka kufungwa hutafuta wanafunzi ng'ambo.

Serikali yao nayo imeweka lengo: wanafunzi wa kigeni 400,000 ifikapo mwaka 2033. Mei 2024 walikuwa 336,708. Wengi wao wanatoka Asia: Uchina, Nepal, Vietnam. Afrika bado ni kidogo sana, lakini mlango upo.

Na Kenya si mgeni wa Japani. JKUAT pale Juja ilianzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, na wahadhiri wengi wake wamesomea huko. Mkutano wa TICAD wa 2016 ulifanyika hapa Nairobi, mara ya kwanza kufanyiwa Afrika. Mradi wa ABE Initiative, unaopeleka vijana wa Afrika kusomea uzamili na kufanya mafunzo katika kampuni za Kijapani, ulitangazwa katika TICAD ya 2013 kule Yokohama. Kwa hivyo mtu akikuambia kuna njia ya kusoma Japani, hakudanganyi. Swali ni anakupeleka kwa njia gani.

Lakini upepo nao unabadilika

Agosti 2025, TICAD ya tisa ikiendelea Yokohama, shirika la JICA lilitangaza mpango wa kuunganisha miji minne ya Japani na nchi nne za Afrika: Nigeria, Ghana, Msumbiji na jirani zetu Tanzania, ambao walipewa mji wa Nagai. Ilikuwa ni urafiki wa kubadilishana ujuzi, basi. Lakini habari zilivyosambaa mitandaoni, zikawa kwamba Japani imewapa Waafrika miji na viza maalum. Huku watu wakaanza kupanga mizigo. Kule Japani raia wakapiga simu kwa ofisi za miji hiyo wakilalamika. Mwezi mmoja baadaye, Septemba, JICA ikaufuta mpango wote.

Mwezi Julai mwaka huo huo, chama cha Sanseito kilikuwa kimeongeza viti vingi katika uchaguzi wa baraza la juu la bunge kwa kauli ya Wajapani kwanza. Na vyuo navyo vinaangalia mfuko. Tangu Aprili 2024, vyuo vikuu vya umma vya kitaifa vimeruhusiwa kuwatoza wageni karo ya juu kuliko wenyeji. Chuo Kikuu cha Tohoku, kile cha Sendai, kimeshatangaza kwamba wanafunzi wapya wa kigeni watalipa yeni 900,000 kwa mwaka kuanzia 2027.

Kwa hivyo soma picha yote. Uchumi wa Japani unakutaka. Siasa yake haijaamua. Ukichagua chuo leo, unachagua mahali utakapokaa miaka minne au mitano huku hayo mawili yakivutana. Usiende na pesa zinazotosha mwaka mmoja tu ukitumaini mambo yatajipa.

Funzo letu wenyewe liko Eldoret

Kama unadhani nakutisha bure, angalia Uasin Gishu. Kuanzia 2021 kaunti ile ilikuwa na mpango wa kupeleka vijana vyuo vya Finland na Kanada. Vyuo vilikuwa vya kweli. Barua za kuitwa zilikuwa za kweli. Wazazi waliuza ng'ombe na mashamba, wakaweka pesa kwenye akaunti ya mpango huo ili karo ilipwe vyuoni. Halafu karo ikakosa kufika. Vijana wakiwa tayari Finland, kwenye baridi, wakaanza kupata notisi za kufukuzwa. Wengine hawakuwahi hata kupanda ndege. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret, na mwezi Agosti aliyekuwa gavana, Jackson Mandago, ambaye wakati huo alikuwa seneta, alifikishwa mahakamani Nakuru pamoja na wengine katika kesi iliyohusu zaidi ya Sh1.1 bilioni. Walikanusha mashtaka.

Kesi ni ya mahakama. Funzo ni letu. Hakuna mzazi pale aliyekosea kuchagua chuo. Kilichowaangusha ni njia ambayo pesa zilipitia. Ndiyo maana nakuambia: kabla hujauliza kama Waseda ni bora kuliko Kyushu, uliza nani analipa, analipa nani, na risiti inatoka wapi.

Milango ni mitatu, na haifanani

Ajenti akisema "Japani," anachanganya vitu vitatu ambavyo havina undugu. Vitenganishe.

Mlango wa kwanza ni ufadhili wa serikali ya Japani, unaojulikana kama MEXT. Huu hauna ajenti. Fomu hutolewa bure, na kwa Kenya unapitia Ubalozi wa Japani ulioko Mara Road, Upper Hill. Ni matatu mbili tu kutoka Kawangware. Kwa kawaida tangazo hutoka kati ya Aprili na Mei, kisha kuna mtihani wa kuandika na mahojiano. Kwa shahada ya kwanza utafanya Kiingereza, Kijapani na hesabu, na ukitaka sayansi unaongeza masomo ya sayansi. Ukipita, hulipi karo, unapewa tikiti ya ndege, na kila mwezi unapokea yeni 117,000. Kwa hesabu ya yeni moja kwa senti 85 za Kenya, hiyo ni karibu Sh99,000. Mwaka wa kwanza unasoma Kijapani tu, halafu ndio chuo kinaanza, kwa hivyo jumla ni miaka mitano, au saba kwa udaktari wa watu na kozi chache kama hiyo.

Watu wengi hawajui kwamba MEXT ina njia nyingine mbili kwa waliomaliza sekondari: vyuo vya teknolojia vinavyoitwa kosen, na vyuo vya ufundi maalum. Kama umetoka PC Kinyanjui pale mtaani ukiwa na mkono mzuri wa umeme au mitambo, hizo ndizo za kuangalia kwanza. Usikubali mtu akuambie Japani ni ya waliopata A pekee na wanaotaka kuwa wahandisi wa roboti.

Na kwa wewe uliye na digrii tayari, MEXT ya utafiti inakutaka uwe umechagua profesa, si chuo tu. Ukipita mchujo wa ubalozi, unatafuta barua ya kukubaliwa na vyuo unavyovitaka. Soma kazi za huyo profesa, mwandikie barua pepe fupi, mwambie unachotaka kuchunguza. Profesa mzuri katika chuo kisichojulikana Nairobi ana faida kuliko jina kubwa ambalo hakuna mtu ndani yake anayejali mada yako.

Mlango wa pili ni kuingia chuo moja kwa moja ukijilipia, au kwa ufadhili wa chuo chenyewe. Hapa ndipo kuchagua chuo kunaanza kuwa na maana kubwa. Kozi za Kiingereza ziliongezeka baada ya serikali yao kuanzisha mradi wa Global 30 mwaka 2009 na vyuo 13, vikiwemo Tokyo, Kyoto, Nagoya, Kyushu, Waseda na Sophia. Nje ya hiyo orodha kuna Ritsumeikan Asia Pacific, kule Beppu kwenye kisiwa cha Kyushu, iliyofunguliwa mwaka 2000 na inayofundisha kwa Kiingereza na Kijapani. Ina wanafunzi wengi wa kigeni na hupunguza karo kwa viwango tofauti, kwa wachache hadi asilimia 100.

Mlango wa tatu ni shule ya lugha. Na huu ndio unaouzwa kwenye nguzo za stima.

Shule ya lugha si chuo kikuu

Sikia vizuri hapa. Shule ya lugha ya Kijapani ni kitu halali. Inakupa viza ya mwanafunzi, unakaa hadi miaka miwili, unajifunza Kijapani. Lakini haikupi digrii. Ukimaliza, lazima uingie chuo kingine na ulipe upya, au upate kazi, au urudi kejani. Ajenti anaiuza kwa sababu masharti yake ni mepesi na shule nyingi humlipa kamisheni. Ukimwuliza "chuo gani?" anakutajia jina la shule ya lugha kwa sauti ya mtu anayetaja Harvard.

Hata ndani ya vyuo vikuu kuna ujanja wa aina hiyo. Kuna hadhi inayoitwa mwanafunzi wa utafiti, ambaye yuko chuoni lakini hayuko kwenye kozi ya digrii. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba Tokyo University of Social Welfare ilikuwa imepoteza wanafunzi wa kigeni zaidi ya 1,600 katika miaka mitatu. Hawakujulikana waliko. Wengi waliingia kwa hadhi kama hiyo. Serikali ilikizuia chuo hicho kuchukua wapya wa aina hiyo. Hicho ni chuo chenye leseni, tena Tokyo. Kwa hivyo neno "university" kwenye karatasi halitoshi. Barua yako iseme digrii gani, miaka mingapi, na kwa lugha gani.

Sasa tupige hesabu

Karo ya kawaida ya chuo cha kitaifa ni yeni 535,800 kwa mwaka, na ada ya kuingia ni 282,000, mara moja. Jumla ya mwaka wa kwanza ni yeni 817,800, karibu Sh695,000, kabla hujanunua hata mkate. Tokyo yenyewe imepandisha hadi 642,960 kwa wanaoingia kuanzia 2025. Vyuo vya kibinafsi mara nyingi hupita yeni milioni moja kwa mwaka.

"Nitafanya kazi." Sawa. Sheria inaruhusu mwanafunzi saa 28 kwa wiki wakati wa masomo, tena ukiwa na kibali cha uhamiaji. Mwaka 2024 wastani wa mshahara wa chini nchini humo ulikuwa yeni 1,055 kwa saa. Saa 28 mara wiki nne ni yeni 118,160 kwa mwezi, kama Sh100,000.

Umeona hapo? Hiyo ni karibu pesa ile ile ambayo mwenye MEXT anapewa bila kufagia duka. Tofauti ni kwamba yeye halipi karo. Wewe, ukipata hizo pesa kila mwezi mwaka mzima, bila kuugua na bila kufungiwa kazi wakati wa mitihani, utapata kama yeni milioni 1.42. Chuo cha kitaifa kinachukua zaidi ya thuluthi moja yake. Chuo cha kibinafsi cha milioni moja kinachukua asilimia 70. Inayobaki ndiyo nyumba, chakula, bima ya afya, simu na treni. Msee akikuambia utajilipia karo na bado utume nyumbani kila mwezi, mwombe afanye hii hesabu mbele yako. Na ukizidisha saa 28 ili ijazie, unahatarisha viza yenyewe.

Ndiyo maana mji una uzito kuliko cheo cha chuo. Tokyo inalipa saa moja vizuri zaidi, lakini nyumba yake inakula tofauti hiyo yote. Kama unajilipia, chuo cha kitaifa katika mji wa wastani mara nyingi ndicho kinachokuacha ukipumua. Orodha za vyuo bora duniani hazihesabu kodi ya nyumba.

Lugha na kazi ya baadaye

Kozi ya Kiingereza itakufikisha darasani. Haitakufikisha dukani, hospitalini wala kwa mwenye nyumba. Na ikifika wakati wa kutafuta kazi, kampuni nyingi hutaka kiwango cha N2 cha mtihani wa JLPT. Viwango vinaanza N5, chini kabisa, hadi N1, na mtihani huo hufanywa hata hapa Nairobi. Ukianza sasa na N5, utakuwa umejua mambo mawili kabla hujalipa hata senti kwa ajenti: kama unaipenda hiyo lugha, na kama una subira nayo. Ni kipimo cha bei rahisi kuliko ndege.

Kuna wale wa miguu pia. Douglas Wakiihuri alienda Japani mwaka 1983 na akawa bingwa wa dunia wa marathoni 1987. Samuel Wanjiru alisomea sekondari Sendai kabla ya dhahabu ya Olimpiki ya 2008. Vyuo vya Japani vimechukua wakimbiaji Wakenya tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya mbio za kupokezana, zile za Hakone. Lakini kwenye Hakone timu inaruhusiwa kukimbiza mgeni mmoja tu. Kama hiyo ndiyo njia yako, mkataba wako useme nini kitafanyika kwa masomo ukiumia goti.

Maswali ya kumbeba nayo ajenti

Kuna ajenti wazuri, siwatupi wote. Lakini mzuri hatakasirika ukimwuliza haya.

Je, barua ya kukubaliwa inatoka kwa chuo chenyewe, na ninaweza kuiandikia ofisi ya udahili nihakikishe? Tumia anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo, usitumie ile anayokupa yeye.

Je, nitalipa karo kwa akaunti ya chuo moja kwa moja? Jibu likiwa "lipa kwetu, tutapeleka," kumbuka Eldoret.

Je, cheti cha ustahiki kimetoka? Hicho hutolewa na uhamiaji wa Japani, chuo ndicho hukuombea, na ndicho kinafuatwa na viza. Kabla ya hicho, yeyote anayesema viza iko tayari anakuchezea.

Je, KCSE pekee inatosha kwa kozi hii? Kenya tunatimiza miaka 12 ya shule wanayotaka, hapo tuko fiti. Lakini baadhi ya kozi hutaka SAT, na nyingi za Kijapani hutaka mtihani wa EJU, ambao vituo vyake vingi vya nje viko Asia. Piga hesabu ya nauli hiyo pia.

Je, nikikosa pesa mwaka wa pili, chuo kina mpango gani? Uliza kuhusu punguzo la karo kwa wanafunzi ambao tayari wako ndani. Chuo kinachojibu hili kwa maandishi kimeshakuambia mengi kuhusu jinsi kitakavyokutunza.

Muda nao ni gharama

Matokeo ya KCSE hutoka Januari. MEXT huanza Aprili au Mei. Ukipita, unasafiri Aprili ya mwaka unaofuata. Hiyo ni zaidi ya mwaka mzima wa kungoja, na mtaani mwaka wa kungoja ni mrefu. Marafiki wanapata nafasi kupitia KUCCPS, wazazi wanauliza mpango ni upi. Hapo ndipo ajenti anakupata, kwa sababu yeye anaahidi miezi mitatu.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza kwa sababu karo ilinishinda, kwa hivyo najua hiyo presha, na sitakuambia kusubiri ni rahisi. Lakini huo mwaka si lazima upotee. Chukua nafasi ya KUCCPS kama umeitwa, usiitupe kwa ahadi. Anza N5. Fanya mitihani ya zamani ya MEXT, ambayo imewekwa mtandaoni bure, uone kiwango chao cha hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo huwaangusha wengi. Na ukikosa, kumbuka Juja iko hapo: JKUAT ina miradi na Japani, na kuingia huko kwa uzamili ukiwa na digrii nzuri na profesa anayekujua ni rahisi kuliko kuingia na KCSE na deni la chama.

Kizazi cha Tom Mboya kilipanda ndege kwenda Amerika kuanzia 1959, na nauli zao zilichangwa hadharani, kila mtu akijua nani anasafiri na nani analipia. Chukua hiyo sehemu ya hadithi. Kabla pesa ya familia haijatoka, waite wote walioichanga mezani, mweke barua ya chuo, hesabu ya miaka yote na jina la akaunti. Kama kuna kikaratasi kimoja ajenti hataki mathe akione, umeshapata jibu lako, na hujatumia zaidi ya nauli ya matatu hadi Upper Hill.